Meli ya Tisa ya Nahodha

Mwandishi wa vibao katika jumba la makumbusho alikuwa na sharti moja: haandiki jina la meli mpaka apate alama mbili, moja kwenye mchoro, nyingine kwenye karatasi za zamani. Wenzake walimwita Bi Alama Mbili. Hakucheka wala hakukasirika. Sharti ni sharti, hata likikuuma mwenyewe.

Lilianza kumuuma alipokuwa akitayarisha kibao kipya cha mchoro wa vita vya baharini, uliojaza ukuta mzima wa ukumbi wa chini. Kwa miaka ishirini na sita mlinzi wa ukumbi huo alikuwa baba yake. Wageni walimwita Nahodha, ingawa hakuwahi kusafiri kwa meli. Hata kivuko kilimchafua moyo. Aliwahesabia meli tisa. Ya tisa, ile ya upande wa kulia iliyovunjika mlingoti, aliipa jina la Msaada. Ilifika ya mwisho, alisema, wenzake walipokuwa wameshakata tamaa. Binti alisimuliwa hadithi hiyo kabla hajajua kusoma, na ndiyo iliyomwingiza kwenye kazi hii. Sasa mzee alikuwa amestaafu, na mkurugenzi alimwalika siku ya ufunguzi aje aisimulie tena mbele ya watu.

Tatizo lilikuwa dirisha la mzinga, tundu la ubavuni mwa meli la kufyatulia mizinga. Kwenye Mshale, meli ya kwanza upande wa kushoto, dirisha la nne lilikuwa limepigiliwa mbao zisizopakwa rangi. Binti akahamishia ngazi kulia, akapanda na lenzi yake. Dirisha la nne la Msaada nalo lilikuwa na mbao. Akashuka. Akapanda tena. Ndani ya moshi uliofunika omo, ncha ya mbele ya meli, akaona mkono ulioshika upinde, sanamu ileile iliyopamba omo ya Mshale. Mchoraji alikuwa ameichora meli moja mara mbili: asubuhi ikiingia vitani, jioni ikitoka imechakaa. Akaenda kwenye karatasi. Orodha ya meli zilizopigana siku ile ilitaja nane.

Siku tatu hakukaa kitini. Alimimina chai ikapoa, akamimina nyingine, nayo ikapoa. Alipanda ngazi, akahesabu, akashuka, akafika mlangoni, akarudi.

"Dada," msafishaji akamwambia, "unazihesabu au unaziombea ziongezeke?"

Siku ya nne akaenda kwa baba yake. Alimkuta anapiga pasi sare yake ya zamani.

"Baba, nina neno."

"Sema upesi, pasi ina moto."

"Meli ni nane."

Mzee akainua pasi. "Ya tisa umeipeleka wapi?"

"Ni Mshale, baba. Imechorwa mara mbili."

"Miaka ishirini na sita nimelinda tisa, haikuibiwa hata moja. Wewe umekabidhiwa ufunguo juzi tu, moja imeshapotea!"

Alicheka peke yake, kisha akaiweka pasi kando.

"Andika 'inasemekana', mama. Neno dogo tu. Nani atapanda ngazi kuhakikisha?"

"Mimi nimeshapanda."

"Kwa hiyo niliwaongopea watoto wa watu."

"Ulikosea, baba. Hukuongopa."

"Basi tofauti hiyo kaiandike kwenye kibao chako."

Hakuiandika, kwa sababu kibao kilihusu meli. Kilisema: *Meli nane, Mshale imeonyeshwa mara mbili.* Siku ya ufunguzi kiti cha mbele alichowekewa mzee kilibaki kitupu. Mara sita binti alitoka hadi barabarani kutazama, na mara sita akarudi peke yake. Jioni alipopita nyumbani, sare ilikuwa bado imetundikwa, imenyooka, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

Binti alifanya lililo sawa, na hakuna haja ya kulipamba. Baba yake aliishi miaka minne zaidi. Walisalimiana, walikula meza moja, na mzee alipougua binti alimuuguza. Lakini mzee hakukanyaga tena ukumbi ule, wala hakumsimulia tena mwanawe hadithi yoyote.