Kidole Chenye Mate

Mama yetu hakununua leso sokoni bila kulamba kidole na kuisugua pindo, aone kama inachuja rangi. Dadangu alirithi tabia hiyo, akaileta katika ofisi yetu ya kuchapa na kutoa kopi hapa Malindi. Kila wino mpya, karatasi ya kwanza ikitoka, analamba kidole, anasugua, anatazama. "Wee dada, wateja wanakuona!" nilikuwa namcheka. Naye hujibu, "Asiyesikia la mkuu..." halafu ananiachia nimalizie mwenyewe.

Alipougua, printa yetu ya wino wa unga nayo ikafa. Nikaenda dukani peke yangu. Nikaonyeshwa moja nyeupe: inachapa rangi, inatoa kopi, inaskani, wala haihitaji waya. Nikasimama nje barabarani, nikabonyeza simu, ikanitolea ua jekundu kule ndani. Lo! Nilipima kasi, nikapima skani, nikapima waifai. Kulamba kidole mbele ya muuzaji niliona haya.

Ua lile nilimpelekea dada kitandani.

"Umeijaribu kwa mate?"

"Nimeijaribu," nikasema. Nilimdanganya mgonjwa, Mungu anisamehe.

Akatabasamu. "Basi siku yangu ikifika, nitoe kwa mashine hii. Nimechapa nyuso za marehemu wa watu kwenye ratiba za mazishi miaka yote. Wangu usiwe wa picha ya kitambulisho. Uwe wa rangi, nionekane."

Siku ikafika upesi. Nilichagua picha aliyojitanda leso ya manjano, anacheka. Ratiba za mazishi zilitoka nzuri, jamani, nzuri mno.

Tulimzika kijijini kwetu, Tezo. Joto lilikuwa kali, watu wanatoka jasho, wanalia, wanajipangusa kwa kilichoko mkononi. Mchungaji hajamaliza sala, nikaona manjano kwenye vidole vya majirani. Wino wa mashine ile ulikuwa wa maji. Nilitamani ardhi inimeze na mimi.

Mama hajui kusoma. Ratiba aliishika kwa ajili ya uso tu. Aliikumbatia kifuani tangu kanisani, na machozi yake yote yaliangukia hapo. Tulipomaliza kufukia akaitazama. Pale penye uso palikuwa na doa la kahawia, na manjano ya leso yametapakaa mpaka kwenye jina.

Hakunigombeza. Alipitisha kidole juu ya lile doa, akakitazama.

"Kwani mwanangu, hukuijaribu?"

"Sikuijaribu, mama."

Mara hii nilisema kweli, lakini aliyeniuliza kwanza tulikuwa tumeshamfukia.