Kijiji Nilichokipungia Mkono

Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini vijana wa mtaa wetu wa Ng'ambo walinipa kazi ya kupanga safari yetu ya baiskeli kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa kuwa nilijigamba kwamba njia ya wapagazi naijua. Tangu hapo sikutulia. Usiku wa kwanza nilipanga tulale kwa shangazi yangu. Nilimtumia salamu, akajibu kwamba atatupikia. Ahadi aliitimiza, nisimsingizie.

Jioni, tukiwa hoi kwa njaa, tulifika kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Wanawake wakatoka na vigelegele, wakipeperusha kanga. Wenzangu wakapunguza mwendo.

"Kanyageni!" nikasema, huku nawapungia akina mama mkono kama waziri. "Hawa wanatushangilia tu. Wenyeji wetu wako mbele."

Nikawaongoza porini, hadi kijijini kwa shangazi ninakokujua tangu utoto. Tukakuta kuta bila mapaa na mafiga yaliyoota nyasi.

"Kiongozi, ndiyo hoteli yenyewe?" akauliza Sudi, fundi wetu.

Habari za watu kuhamishiwa barabarani nilizisikia redioni. Sikuwaza kwamba shangazi naye ni mtu.

Mara akatokea mumewe juu ya baiskeli, anahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shangazi yako amesimama barabarani anakuita kwa jina, wewe unampungia mkono unapita! Sasa amekaa na masufuria yake, anauliza amekukosea nini."