Kaptula ya Fundi Suti

Fundi alikuwa ameshona suti za maharusi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuyaona magoti yake. Hata nyumbani alitoka bafuni amevaa suruali. Mtaani walimwita Fundi Kimya, kwa sababu alipima wateja pini zikiwa mdomoni, na pini zikiisha alitia nyingine, asije akalazimika kuongea.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwenye sauti ya kuwaita watoto mia nne bila kengele. Alikulia kando ya mto na aliogelea kama bata. Walipochumbiana, Fundi, mapenzi yakiwa yamempanda kichwani, alimwahidi: "Nitakupeleka ufuoni, kule kisiwa cha kaskazini, tuingie baharini tumeshikana mikono."

Miaka ishirini na nne ikapita, kila mwaka na udhuru wake. Mara harusi zimezidi, mara cherehani imekufa. Safari tatu walifika kisiwani, na zote tatu Fundi alibaki mchangani akilinda viatu.

"Leo," mkewe alimwambia wakiwa kwenye kivuko, macho yake yakiwa kwenye maji, "ukibaki kulinda viatu, sitakuomba tena. Sijanuna. Nasema tu."

Mke aliyenuna, Fundi alimjua na dawa yake aliijua. Huyu wa kusema hajanuna ndiye aliyemtia baridi.

"Naingia," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Na kweli alikuwa amejiandaa. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Fundi yeye aliyashonea nguo. Wiki nzima, saa za chakula cha mchana, alikuwa akijishonea kaptula ya kuogea, na kwa kuwa alikuwa fundi suti, aliishona kifundi suti. Akachukua kitambaa cha makoti ya mvua, kisichopitisha hata tone. Akatia bitana. Akatia mifuko minne yenye vifuniko. Mshono akaurudia mara mbili, na upana akaachia wa kutosha, maana nguo ya heshima haimbani mtu. Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe naye anakuja. Akaishusha kaptula chini ya magoti na kutia lastiki kali miguuni, ili hata wimbi lije na nguvu zake zote, nguo isipande. Mwisho akaipiga pasi mpaka mkunjo ukasimama kama makali ya kisu.

Ufuo wenyewe ulikuwa mtulivu, ghuba ndogo kama bakuli. Hapakuwa na muziki wala wachuuzi. Palikuwa na familia sita au saba chini ya miavuli, na baba mmoja aliyefukiwa na wanawe mchangani hadi shingoni, akilishwa chungwa.

Fundi alipotoka chumba cha kubadilishia nguo, mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja, alishusha miwani.

"Mkwe wangu, unakwenda kuoga au kufunga ndoa?"

"Ina mkunjo!" akapiga kelele kitinda mimba wa Fundi, binti wa miaka kumi na sita. "Bibi, ona, kaptula ina mkunjo!"

"Mwacheni baba wa watu," akasema mama mkwe, huku mabega yakimtikisika.

Masikio ya Fundi yaliwaka moto. Akavitazama viatu, jozi nne zimepangwa kwenye kivuli cha mwavuli, navyo vikamtazama kama marafiki wa zamani. Akapiga hatua moja kuelekea huko. Ndipo alipomwona mkewe majini, mgongo kwake, mkono mmoja ameunyoosha nyuma. Hakumwita. Hakugeuka. Mkono tu, umefunguliwa.

Fundi akaenda akaushika.

Wakatembea. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani, na mkewe akaanza kumwonea fahari. Kumbe hewa yote iliyokuwa ndani ya kaptula haikuwa na pa kutokea. Chini lastiki, kiunoni lastiki, katikati koti la mvua. Maji yalipokaribia kifua, kaptula ikafura kama andazi ndani ya mafuta, kisha kiwimbi kidogo, cha kuchezea watoto, kikaja kikamnyanyua.

Miguu ikaacha mchanga. Kichwa kikaenda chini, na ile sehemu ambayo mtu humheshimu mkwewe kwa kuificha ndiyo iliyotangulia juu, ya mviringo, yenye mkunjo.

"Jamani, mkwe wangu anapaa!"

"Baba kawa boya!"

Yule baba wa mchangani akapasua kaburi lake akasimama wima ili aone vizuri. Mkewe akamdaka Fundi begani, akampindua, na Fundi akatulia juu ya maji ameketi, magoti mbele, kama mtu aliyekaribishwa kochi. Alijaribu kuzama kwa aibu, kaptula ikakataa. Ufuo mzima ulikuwa unacheka. Hiki ndicho alichokiogopa miaka ishirini na nne, na sasa kilikuwa kimefika, na yeye hajafa.

Mkewe alikuwa amekazana kutocheka, midomo ameibana, machozi yanamtoka.

"Mama Watoto," akasema Fundi.

"Abee."

"Mifuko nayo imejaa."

Hapo Fundi mwenyewe akaangua kicheko, kicheko chembamba cha juu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, na mkewe akalegea kabisa akalazimika kumshikilia ili asizame yeye anayejua kuogelea.

"Usiniachie," akasema Fundi.

"Nikuachie uende wapi, chombo kama wewe?"

"Basi nivute. Twende kule mbali."

Akamvuta, mkono kwa mkono, ghuba nzima, kwenda na kurudi. Mama mkwe akavua miwani, akakunja gauni, akaingia hadi magotini akidai zamu yake. Binti naye akamfuata bibi yake.

Hakuna aliyekumbuka kwamba maji yanajaa. Walipotoka, jozi nne za viatu zilikuwa zimeondoka zenyewe, zikielea kuelekea bara.

Fundi alipanda kivuko pekupeku, kaptula imepandishwa juu ya magoti ili ikauke, na alikuwa anaongea. Aliongea mpaka gati la ng'ambo, na mkewe hakuuachia mkono wake.