Siku Niliyoitikia Majina Manne Yasiyo Yangu

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo. Juzi nimeingia duka la nyama hapa Alum Rock, muuza nyama Abdirizak, mtu mzima na ndevu zake, akaniuliza, "Bibi Rukia, leo nikupimie ya watu wangapi?" na foleni nzima ikacheka, nikajua hata yeye imemfikia. Basi aibu ni yangu, acheni niisimulie mie mwenyewe.

Mie sikusoma sana. Nilitoka darasa la nne, nikaolewa, nikaletwa huku kwa Waingereza. Lakini Mungu alinipa majina. Jina nikilisikia mara moja halitoki. Nimepika miaka mingi kwenye jiko la shule kule Washwood Heath, na mpaka leo nikikutana na niliyempakulia akiwa mtoto, sasa ana upara na watoto watatu, namwita kwa jina lake na namuulizia dada yake kwa jina pia. Ndiyo maana wanawake wenzangu walinifanya kijumbe wa mchezo wetu, yaani ndiye ninayekusanya pesa za kila mmoja mwisho wa mwezi na kumpa mwenye zamu, na sijaandika mahali, yote yamo kichwani, na hajapata mtu kulalamika (isipokuwa Zuhura, na Zuhura hulalamikia hata mvua).

Sasa ikaja barua yenye nembo ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Mke wa mwanangu, Rahma, akanisomea: wenye nyumba wanaotaka paneli za sola juu ya paa wajiandikishe pamoja, makampuni yatashindana, na itakayotoa bei ya chini ndiyo itakayofanya kazi ya wote. Wakiwa wengi, bei inashuka. Nikamwambia Rahma, "Kumbe hawa nao wana mchezo kama wetu!" Rahma akasema, "Si kama wenu, mama." Sikumsikiliza.

Na niseme kweli, niliyemfikiria ni Mwanaidi. Mwanaidi Hamad Faki ni rafiki yangu tangu sote tuna meno yote. Tangu mumewe Mzee Omari afariki anaishi peke yake kwenye nyumba baridi kama friji, anakaa chumba kimoja, hita ya umeme miguuni, na akiona bili anaizima anajifunga mablanketi. Msimu uliopita alilazwa kwa kifua, na daktari akamwambia hawezi kupitisha baridi nyingine namna ile. Basi mie nikajiambia, umeme wa jua huo hapo, wa bei nafuu, na kaunsili imesimama nyuma yake, Mwanaidi awashe hita yake kutwa bila kuogopa. Nikampigia mwanawe, Hamadi, aliyeko Leicester, akakubali kulipa. Nikampigia Mwanaidi mwenyewe nikamwambia, "Nimeshakuandikisha." Akasema, "Haya, Rukia." Tukamaliza.

Kisha nikamwandikisha Zuhura Said Mbarouk. Kisha Grace Wanjiru, nesi wetu Mkenya, anayeniita shosho, yaani bibi. Kisha Mama Furaha, Mkongo, ambaye jina lake la kwenye karatasi ni Esperansi Bahati. Kisha nyumba yetu sisi. Na wote nikawawekea namba moja ya simu, yangu. Rahma akasema, "Mama, kila mtu angeweka yake." Nikamwambia, mwanangu, Mwanaidi hapokei namba asiyoijua na Kiingereza kinamtoa jasho (mie cha kusema nilikiokota kwenye jiko la shule), Grace mchana amelala kwa sababu ya zamu, Mama Furaha anabadilisha laini kama anavyobadilisha kilemba, na Zuhura ukimpa simu atagombana na mtu. Kijumbe ni kazi yake hiyo.

Simu ikaja siku ya Jumatano nikikuna nazi. Sauti ya kike, ya upole, akasema anaitwa Charlotte, wa kampuni iliyoshinda, anamtaka Bibi Mwanaidi. Nikamwambia hayupo. Akasema ni lazima azungumze na mwenye nyumba mwenyewe, na ikipita Ijumaa bila kukubali, nafasi inapotea.

Hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi wenyewe mdogo hata kijiko cha chai hakijai. Nikamwambia, "Ngoja, anaingia sasa hivi." Nikaiweka simu kifuani, nikanywa funda la maji, nikahesabu mpaka kumi, nikairudisha sikioni nikasema kwa sauti nyembamba, "Halo, Mwanaidi hapa."

Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikampa. Namba ya nyumba, nikampa. Wewe ndiye mwenye nyumba? Ndiyo. Umeyasoma masharti? Ndiyo. Paa halina kivuli? Halina. (Paa la Mwanaidi sijawahi kulitazama maishani mwangu, mie nikienda kwake napita mlango wa nyuma, jikoni, macho kwenye sufuria.) Ungependa na betri ya kuhifadhi umeme? Sasa mtu anakuuliza kwa adabu vile, utamwambiaje hutaki? Ndiyo. Na wavu wa kuzuia njiwa wasitage chini ya paneli? Ndiyo, mwanangu, ndiyo. Nilipoweka simu nilijisikia nimefanya jambo kubwa la kheri.

Mpaka Ijumaa nilikuwa nimeshakuwa Zuhura kwa sauti nzito, Grace kwa sauti ya haraka haraka, na Mama Furaha kwa sauti inayotoka puani. Charlotte akaniambia, "Ajabu, wewe ni wa tatu wiki hii kuzaliwa tarehe mosi Januari." Nikamwambia kwetu ni mwezi wa baraka. (Sisi wa zamani nani anayejua alizaliwa lini, wote pasipoti zilituzalisha siku moja.)

Haya. Ikaja barua nyingine: Jumamosi asubuhi waliokubali wakutane ukumbini wapangiwe siku ya mafundi kuja kupima mapaa. Nikamchukua Mwanaidi, tukakaa safu ya tatu, yeye na koti lake zito hata ndani halivui. Grace alikuwa kazini, Mama Furaha kazini, Zuhura kasema anakuja, na Zuhura akisema anakuja maana yake yumo bafuni. Ukumbi umejaa. Mbele kakaa bwana wa kaunsili, Patrick, mrefu, amechoka kama mie, na pembeni yake binti mwenye karatasi. Akasema jina lake Charlotte. Jasho likanitoka mgongoni. Hata hivyo nikajiambia, kwenye simu uso hauonekani, kaa kimya.

Akaanza kuita. Anayeitwa anaitika, anataja tarehe ya kuzaliwa, anapewa karatasi. "Esperansi Bahati!"

Akaita tena: "Esperansi Bahati? Asiyekuwapo tutamrudisha mwisho wa orodha."

Jamani, mtu wangu wa mchezo arudishwe mwisho nami nimekaa? Mdomo ukafunguka wenyewe, puani: "Nipo!" Nikataja tarehe. Akaandika bila kutazama. Mwanaidi akanigeukia, "Rukia, unafanya nini?" Nikamwambia, "Nyamaza, nitakueleza."

"Grace Wanjiru!" Nikajificha nyuma ya mgongo wa Mpakistani mmoja mpana (anaitwa Tariq, nilimuuliza baadaye), nikaitika haraka haraka. Safari hii Charlotte akainua kichwa, akatafuta, akainama.

"Mwanaidi Faki!" Mwanaidi akainua mkono, vizuri kabisa. Angeachwa hapo tungekuwa salama. Lakini akaulizwa tarehe, naye akanitazama mie, na mie, kwa mazoea tu wallahi, nikajibu, na nikajibu kwa ile sauti nyembamba. Tariq akageuka. Mkewe akageuka. Charlotte sasa kalamu imesimama.

"Zuhura Mbarouk!" akaita, polepole, ananitazama mie usoni.

Ningenyamaza. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyamaza. Lakini watatu nimeshawatetea, wa nne nimwache? Nikaitika, sauti nzito, na papo hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo, buibui linapepea, na mtu akapiga kelele ukumbi mzima umsikie: "Zuhura ni mie! Nani huyo anajiita Zuhura?"

Patrick wa kaunsili akasimama. Hakukasirika, na ndiyo iliyoniua. Akaniuliza kwa upole, kama daktari, "Bibi, samahani, wewe ni watu wangapi?"

Nami, kwa kuwa nimeulizwa, nikajibu. "Wanne. Watano na mimi mwenyewe."

Wakacheka watu. Walicheka mpaka Tariq akashika kiti. Nilitamani sakafu inimeze, na sakafu ya ukumbi ule ni ya saruji, haimezi mtu.

Wakatuita pembeni, kwenye meza ndogo. Charlotte akafungua kompyuta, kumbe simu zote wamezirekodi, akatusikilizisha mie nikiwa Mwanaidi, nikasikia ndiyo, ndiyo, ndiyo mwanangu. Mwanaidi akapewa karatasi yake. Kiingereza kinampa tabu lakini michoro anaiona. Akaweka kidole. "Hii nini?"

"Betri," nikasema.

"Betri gani mimi?"

"Ya kuhifadhi umeme."

"Na hii?"

"Wavu. Wa njiwa."

Akanitazama. Zuhura akadakia, "Na mie umeniagizia betri? Rukia, siku ile mume wangu aliponipa talaka nashukuru simu hukupokea wewe, ungeniitikia na hiyo!" Kisha akaulizwa kama ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba wapi, Zuhura amepanga! Na mie nalijua mpaka jina la baba mwenye nyumba wake, Gurdeep, nimeshamletea sambusa, lakini swali lilipoulizwa nilijibu ndiyo.

Nikamgeukia Patrick nikamwambia, "Lakini ni mpango wenu, nembo yenu iko juu ya barua." Akasema kaunsili imewakutanisha watu na kampuni tu, mkataba ni baina ya mwenye nyumba na kampuni, na bei ya kwenye karatasi si ya mwisho hata, fundi akishapima paa inaweza kupanda, na malipo ya kwanza yanatakiwa kabla ya fundi kuja. Zuhura akafyonya. "Kumbe kaunsili ni mshenga tu, akishakula pilau anakwenda zake." Hapo nikaelewa kwamba hakukuwa na kikundi chochote, kila mtu yumo peke yake na karatasi yake, na kijumbe hayupo.

Majina yote manne yakafutwa. Na la kwetu pia, mwanangu Suleiman alilifuta mwenyewe kwa hasira, Rahma hakusema "nilikwambia", alinipikia uji. Mwanaidi angesubiri duru nyingine, na lini, hakuna aliyejua, na baridi inaanza. Kwenye kituo cha basi akaniambia, bila kuniangalia: "Ungeniuliza tu, Rukia."

Grace nilipomwomba radhi alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka, "Shosho, usijali, hata ningeshika hiyo simu mimi mwenyewe ningesema yes na nilale." Mama Furaha naye akasema, "Mama, pardon yako nimeikubali, ila sauti ya puani ndiyo sikubali." Hao wawili wepesi. Mwanaidi ndiye aliyeninyima usingizi, nikimfikiria na blanketi zake.

Baada ya wiki kadhaa Hamadi alilalamika kwa kampuni, wakakubali kumpigia mama yake, yeye mwenyewe, na mkalimani kwenye laini. Mwanaidi akaniambia nije nikae. Nikae tu. Nikakaa kwenye kiti cha marehemu Mzee Omari, mikono mapajani, midomo nimeibana, na saa nzima Mwanaidi aliongea. Aliuliza bomba la moshi la jirani litaweka kivuli? Aliuliza paneli zitatoa umeme kiasi gani Desemba, mkalimani akatafsiri jibu, na jibu lilikuwa kidogo sana. Akauliza jukwaa la mafundi likizuia mlango wa jirani nani atalaumiwa. Akauliza kampuni ikifungwa nani atakuja kutengeneza. Mara tatu nilitaka kumjibia, mara tatu aliniinulia kidole.

Mwisho akasema, "Ahsante, sitaki," akaweka simu chini.

"Hutaki?" nikamuuliza. "Na baridi yote hii?"

"Sikutaka tangu mwanzo. Nilikwambia haya kwa sababu ulishaniandikisha, nikaona nikuvunje moyo kwa nini." Akainuka taratibu, akanishika mkono, akanipeleka chumbani anakolala, akanisimamisha kando ya dirisha. Fremu imeoza, haifungi, upepo unaingia mpaka pazia linacheza. "Mie nilikuwa nataka hili lizibwe."

Miaka yote hiyo nimeingia nyumba ile, chumba kile sijawahi kuingia. Fundi mmoja Mpolandi, Marek, alikuja Alhamisi akalimaliza kabla ya adhuhuri. Mwanaidi sasa koti analivua akiwa ndani.

Mie sijibii mtu simu tena, hata akiwa chooni. Nikitaka kumsaidia mtu namuuliza anataka nini, kisha nanyamaza mpaka amalize kujibu, na huko kunyamaza, wenzangu, katika umri huu, ndiko kunakonichosha kuliko kazi zote nilizowahi kufanya.