Kaseti ya Betri Zilizochoka

Mimi ndiye niliyempa ile kaseti. Naanza na hilo kwa sababu hapa mjini Baraka, upande wa Kongo wa ziwa, watu bado wanabishana ni nani alimharibia mpiga solo wetu safari yake ya Kigoma, na kila mara wanamtaja mtu asiyehusika.

Orkesta yetu ilikuwa ya vijana saba wa mtaa mmoja. Ilikuwa ikianza wimbo kwa rumba, kama orkesta zote, lakini baada ya ubeti wa pili solo ilishika njia yake na dansi ikageuka kitu kingine. Spika ya mpiga solo ilikuwa imepasuka. Aliiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tangu siku hiyo gitaa lake likawa linakwaruza kama sauti ya mtu mwenye hasira. Vijana wakauita muziki huo roki ya Baraka. Jumapili mchana tulijaa kwenye uwanja nyuma ya soko, Wakatoliki na Waprotestanti, na hata vijana wa Kiislamu wa kando ya ziwa walikuja, wakasimama pembeni kana kwamba wanapita tu, mpaka sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ilipowaka.

Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na diploma ya graduat, ile ya miaka mitatu ya chuo kikuu, nafundisha shule ya msingi nikingoja kazi ambayo vita ilikuwa imeifunga njiani. Kazi yangu katika kundi la mashabiki ilikuwa kunasa mazoezi kwenye redio-kaseti. Mkubwa wetu, mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye hakuna aliyemshinda kucheza, alipenda kunitania mbele za watu.

“Graduat, we unasikilizaka muziki kama muganga anasikiliza kifua,” aliniambia. “Utaota mvi mbele ya kuoa.”

Askari walipokaribia, katika vita ya pili, tulikuwa tumeshapanga nani abebe nini. Ndivyo mashabiki wa Baraka walivyokuwa: kabla ya kujua mtoto atalala wapi, tulijua ngoma itapita wapi. Mimi nilipangiwa ampli, mashine ya kukuza sauti ya magitaa. Asubuhi ile mama yangu alikuwa amekwishafungua kichwa cha mashine yake ya kushona kutoka kwenye meza, amekifunga kwa kitenge, akanitazama. Nilisimama mlangoni nikiwaza. Mashine ni ya mtu mmoja, niliwaza, ampli ni ya wote. Mashine inaweza kufichwa chini ya kitanda, ampli itaonekana. Nilijijengea hoja nzuri sana, kisha nikaweka ampli kichwani.

Tulivuka kwa mitumbwi mpaka rasi ya Ubwari. Miezi yote tuliyokaa huko ampli ililala ndani, imezungushiwa plastiki, nami nililala kando yake kwenye mkeka. Tuliporudi Baraka, mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi na chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Tangu siku ile mama yangu anashona kwa mkono. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kujua kama huko ni kusamehe.

Wiki ya tatu baada ya kurudi, tulikusanyika uwanjani kusafisha magugu ili orkesta ianze tena. Mpiga solo alikuja na gitaa mgongoni. Kule Ubwari alikuwa amegombana na mwimbaji kuhusu nani kati yao ndiye orkesta, na sasa alisema imekwisha, yeye anaenda Kigoma kujaribiwa na orkesta kubwa ya Wakongo waliokimbilia huko. Mama wa ndagala, jembe mkononi, akamuuliza kwa upole: na sisi tuliobeba vyombo?

“Nani alibatuma mubebe?” akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Ningemsamehe hasira.

Mwezi haukuisha, mpiga ngoma alikuwa kijijini Mboko analima mihogo, mwimbaji alikuwa kwenye kwaya, na uwanja ulikuwa wa mbuzi. Sisi mashabiki tuliendelea kukutana Jumapili, tukikaa bila muziki na kumtukana. Mmoja alitaka avunjwe vidole. Mama wa ndagala alisema vidole vinapona. Mimi sentensi ile ya maneno matatu niliigeuza kichwani kila siku. Ni kweli, hakuna aliyetutuma. Ndiyo maana iliuma.

Kisha mpiga solo akaja nyumbani kwangu. Boti inaondoka kesho asubuhi, alisema, na wale wa Kigoma wanataka kusikia alivyokuwa anapiga. Nina kaseti?

Nilikuwa nazo mbili. Ya kwanza niliinasa kwa betri mpya. Ya pili niliinasa siku mwimbaji alipokuwa na malaria, kwa hiyo haina sauti ya mtu, ni magitaa na ngoma peke yake. Siku hiyo betri zangu zilikuwa zimekufa mara mbili, nami nilikuwa nimezifufua kwa kuzianika juani kwenye bati, kama tunavyofanya wote. Betri zikichoka, redio inavuta kaseti polepole. Ukinasa hivyo, halafu mtu akaja kuicheza kwa umeme mzuri, muziki unakimbia kuliko ulivyopigwa. Kigoma kuna umeme. Kwa umeme ule, solo yake ingetoka kwa mbio ambazo vidole vya mtu havina, na hapakuwa na sauti ya mwimbaji ya kufichua kosa.

Nilimwambia angoje nje. Niliingia ndani nikazitazama zote mbili. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mwanga wa dirisha, anashona pindo la sare ya mtu, sindano inaingia na kutoka. Nikatoka na ile ya pili. Nikamwambia asiicheze kabla ya kufika, utepe umechakaa. Akanishukuru. Hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kunishukuru.

Habari zilirudi na mama wa ndagala, aliyekuwa anavuka ziwa kwa biashara. Alitusimulia akiwa amesimama, anaigiza kila mtu. Walipocheza kaseti, mkubwa wa orkesta aliinuka kwenye kiti. Wakampa gitaa, wakamwambia apige vilevile. Akajaribu, vidole vikajikwaa. Akajaribu tena. Wakamwambia kaseti ni ya mtu mwingine, ameiiba, wakamfukuza kama mwizi wa kuku. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilipofika nyumbani nilikaa nikipima kama ilitosha. Nikaona haijatosha.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta. Siku ya tatu alikuja kunisalimia, kaseti ikiwa mfukoni mwa shati.

“Graduat, mi nilikuwaka napiga vile,” akaniambia. “Nimeisikiliza kila siku. Vita imekula mikono yangu.”

Akaninyooshea mikono niione. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa mikono mizima ya mtu anayelilia mkono ambao hakuwahi kuwa nao.

Sentensi moja kuhusu betri ingemtosha. Nilikuwa nayo mdomoni, na kama kawaida yangu nikaiwekea sharti. Nilijisemea: akikumbuka tu, nitamwambia. Nikamuuliza kama anakumbuka ni nani aliyevusha ampli mpaka Ubwari.

Alikunja uso, akafikiri kweli. Nililiona hilo.

“Ampli gani?”

Upande wa pili wa ukuta mama yangu alikuwa anakohoa. Nikamwambia mpiga solo: si kitu, pole na mikono. Akaenda.

Tangu hapo anafanya mazoezi kila mchana. Anapiga ile solo ya kaseti, kwa mbio zile za uongo, na kuna mahali anajikwaa, palepale kila siku. Anasimama, anaanza upya. Ile kaseti ya kwanza, ya kweli, bado ninayo kwenye sanduku, chini ya diploma. Nikirudi kutoka shuleni nakaa na kungoja ajikwae, na akijikwaa nasikia raha ambayo sitaielezea hapa kwa sababu haipendezi.

Wiki iliyopita alifika pale pagumu, akapita. Hakusimama. Mama yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kitambaa chake, akasema huyu mutoto sasa anapiga vizuri kuliko zamani.

Nikainuka nikafunga dirisha.