Tuba Isiyotoa Maji

Hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua la Hombolo likiwa utosini. Nalisema mapema kwa sababu nikianza kusimulia watu hudhani nilikuwa nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimepakata tuba yangu, lile tarumbeta nene la besi.

Tuba yenyewe mjomba wangu, dereva wa lori, aliikuta Dar es Salaam kwenye marobota ya mitumba, maana tangu biashara ya nje iwe ruksa kila kitu kinashuka bandarini. Yeye alidhani ni kipuri cha mashine ya kukamua zabibu. Ni tuba ya safari: mabomba yake yamekunjwakunjwa kama utumbo, mdomo wa mbele hauzidi sahani ya wali, na yote inaingia kwenye begi langu la shule. Mimi ni mtu wa aibu, darasani nikiulizwa swali huijibu meza. Lakini nikiwa na kile chombo mapajani sijioni mdogo.

Tatizo lilikuwa bendi ya kanisa. Alfajiri ya Pasaka matarumbeta huzunguka kijiji kizima kuamsha watu, na mpiga besi hutembea nyuma kabisa. Sauti yake isipofika mbele, walio mbele wanakimbiza wimbo, unavunjika njiani. Mwalimu Lazaro, kiongozi wetu, alinipa nafasi hiyo kwa majaribio. Elia, aliyezoea kupiga besi kwa tuba kubwa ya kanisa, akaiangalia ya kwangu.

"Huyu kaleta birika."

"Lina chai ndani?" mwenzake akauliza.

"Mwulize mwenyewe. Si unajua hasemi."

Mwalimu Lazaro hakucheka. "Binti yangu, chombo kizuri. Ila Jumamosi nitasimama kwenye geti la kanisa, ninyi mtokee kule kisimani. Nisipokusikia, Elia anarudi nafasi yake. Sawa?"

"Sawa, mwalimu," nikaiambia miguu yake.

Basi nikawa napanda kwenye mawe nyuma ya mashamba ya zabibu, mchana watu wakipumzika, nafanya mazoezi peke yangu. Ijumaa noti ya chini ilitoka nyembamba kama ya mbuzi mgonjwa. Nikasimama kumwaga maji. Anayepuliza anajua: pumzi hugeuka maji ndani ya mabomba, na chini kuna kitobo cha kuyatolea. Nilipoinua uso, mzee alikuwa amesimama mbele yangu. Koti zito la sufu katika jua lile, vumbi jekundu mpaka magotini. Hatua zake sikuzisikia.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Nikajaribu Kigogo: "Mbukwenyi." Kimya vilevile. Niambie, umewahi kumwamkia mzee wa kwetu asiitikie? Hata aliyekasirika huguna. Pale ndipo nilipaswa kukimbia. Lakini akanyoosha mikono miwili, na mimi nimelelewa kwamba mtu mzima hanyimwi. Nikampa tuba pamoja na kile kikombe chake cha mdomoni, ambacho sisi wapulizaji hatuazimani, kama mswaki.

Akapuliza noti moja. Niamini, niliisikia kwanza kwenye jiwe, ndipo masikioni. Mijusi wakatoka kwenye nyufa na kutimka. Noti ikaendelea, ikaendelea, na nikamtazama kifua: hakikupanda, hakikushuka. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akazunguka nyuma ya jiwe. Nikamfuata nimshukuru. Hakukuwa na mtu, na kwenye mchanga nyayo zilikuwa zangu tu.

Kikombe kilikuwa kikavu, baridi kama mtungi. Nikabonyeza kifuniko cha kitobo nimwage maji yake. Likatoka vumbi jekundu, laini kama unga, likamiminika juu ya vidole vyangu.

Niliogopa, kwa nini nifiche? Nilitaka kuitupa kulekule. Lakini kesho ilikuwa Jumamosi, na ile nafasi niliitaka kuliko kitu chochote. Nikafuta kikombe kwa sketi, nikapuliza. Noti ikatoka pana, imetulia.

Jumamosi tukatokea kisimani. Mwalimu Lazaro akainua mkono getini tukiwa bado mbali, na tulipofika akauliza, "Besi ni wangapi huko nyuma?"

"Mmoja," Elia akajibu taratibu. "Ni yeye tu na birika lake."

Pasaka tulizunguka kijiji chote, wimbo haukuvunjika hata mara moja. Baadaye Elia, kwa kutaka tupatane, akachukua tuba animwagie maji. Vumbi likajaa kwenye viatu vyake vya sikukuu.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Nikamtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu wa bendi, nikamweleza yote. Hajaiita birika tena.

Sasa nimepiga kwenye harusi za Chamwino na mazishi ya Mtera, na sijaona tone. Ni vumbi tu. Mjomba anasema niiuze. Siuzi. Vidole ni vyangu, nyimbo nimejifunza mwenyewe, na ile nafasi ya nyuma hakuna anayeigusa. Ila najiuliza: kama mimi napuliza, maji ya pumzi yangu yanakwenda wapi? Nchi yetu hii ni kavu. Nadhani yule mzee anayanywa.

Kwa hiyo wewe unayepuliza chochote, hata filimbi: mtu mzima akikujia, mwamkie. Asipoitikia, kumbatia chombo chako, aondoke akikuona huna adabu. Mimi nilikuwa nayo, na kila nikimaliza wimbo koo langu huwa kavu.