Dawa Isiyotaka Maji

Mke wangu aliacha kulala wakati wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Sisemi alilala kidogo, aliacha. Nikirudi kutoka boma la Kilwa Kivinje, ambako nilikuwa karani na mkalimani wa Wajerumani, nilimkuta amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi, uji umeganda bakulini. Alichokijaribu kilimkaa tumboni kama jiwe. Kwao ni Likawage, na huko kaka zake wawili walikunywa yale maji ya dawa yaliyosemwa yangezuia risasi, wakaenda kupigana, hawakurudi.

Shangazi yake aliyemlea alikuwa amehamia Kikole. Alinitumia salamu: mtoto wake akizidi kudhoofika atakuja kumchukua, na akimchukua hamrudishi. Nilimwamini. Yule mama hakuwa na mazoea ya kutisha watu bure.

Karibu na soko la Kivinje palikuwa na Banyani mmoja mwenye duka la dawa za kwao. Alikuja Kilwa kijana, akazeekea hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mji kabisa, pamoja na matusi yake. Nilikwenda kwake nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, ili ajue anazungumza na mtu wa boma.

"Haja kubwa anapata?" aliniuliza, mbele ya wateja.

"Mzee, tungeingia ndani."

"Ndani kuna nini? Wote hawa wana matumbo. Anapata au hapati?"

Nikasema hapati vizuri. Akauliza kama mikono yake ina baridi, kama anashtuka mlango ukigongwa, kama ngozi imekauka. Yote yalikuwa kweli. Alisema upepo umempanda mwilini. Ndiyo unaomkimbiza usingizi na kukausha tumbo, na hauponi kwa kufokewa, unaponywa kwa vitu vya moto na vya mafuta. Akasaga halili ya kufungua tumbo, akatia tangawizi na ajwani, na unga wa mzizi mmoja wa kwao wenye harufu ya farasi, kwa ajili ya usingizi.

"Atakunywa kwa maji ya moto, au atakula kwa samli," alisema. "Muulize mwenyewe lipi analiweza. Kuna kitu anakionea kinyaa?"

"Hakuna," nikajibu. Sikuwa nimemuuliza.

"Na wewe, macho hayo mekundu ni ya nini?"

"Kazi nyingi."

Akanitazama, akafunga vifurushi.

Samli wakati ule ilikuwa adimu, maji yalikuwa bure. Nilikoroga unga kwenye kikombe, nikampelekea. Alipouona ule unga ukizunguka ndani ya maji alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Sinywi."

"Ni dawa ya tumbo tu."

"Kaka zangu nao waliambiwa ni dawa tu. Sinywi maji yaliyotiwa kitu."

Hapo ilinipasa nikae chini nimsikilize. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali mpaka madarasa ya juu, nikajua ramani za nchi ambazo sitaziona, na nikadhani kwa hiyo najua pia kilichomo kifuani mwa mke wangu. Nilimwita mshamba. Kisha nikafanya baya zaidi: kila nilipopata nafasi nilichuja ile dawa, nikayamimina maji yake kwenye uji wake wa mtama na kuuzidishia tangawizi ili asitambue.

Ikamfaa. Sitaki kuficha hilo. Tumbo lilifunguka, akaanza kumaliza uji, na mchana mmoja nilirudi nikamkuta amelala mkekani, mdomo wazi, anakoroma. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza kama mtu asikilizaye mvua ya kwanza.

Laiti ningenyamaza! Lakini nilitaka sifa. Alipoamka na kusema anajisikia mwepesi, nilicheka nikamwambia, "Unaona sasa? Ni ile dawa uliyoikataa. Umekuwa ukiinywa siku zote hizi."

Hakupiga kelele. Alitoka uani, akatia vidole kooni, akatapika. Aliporudi alitia kanga zake mbili kwenye kikapu cha ukindu. "Waliowapa kaka zangu yale maji angalau waliwaambia wanawapa nini," alisema, akaondoka na majirani waliokuwa wakielekea bara, upande wa Kikole.

Habari zikanifikia kutoka Kikole kwamba halali tena, na safari hii hata maji matupu hanywi mpaka ayateke mwenyewe.

Nilirudi kwa Banyani nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na alinitukana. Alipomaliza akavuta kopo.

"Sasa huyo mtu hakatai dawa," alisema. "Anakataa maji. Si nilikwambia kuna samli?"

"Uliniambia."

"Basi keti, tufinyange."

Tulikanda ule unga na samli na sukari guru, tukafinyanga madonge madogo kama kunde kubwa. Nilichafuka mpaka kwenye viwiko. Nikaomba ruhusa bomani, nikashika njia ya Kikole, pamoja na kibuyu cha samli nilichokipata kwa kuuza ile kanzu yangu ya kujionyesha.

Shangazi alikuwa uani akipepeta mtama. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Bwana Mkubwa wa Boma. Umekuja kuniwekea nini kwenye chungu?"

"Sikuja kuweka kitu."

"Basi kaa mbali na jiko."

Mke wangu alitoka ndani. Alikuwa amekonda zaidi, na macho yake yalinipita kana kwamba nilikuwa kigingi cha mbuzi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njia nzima, yote yakanitoka. Nilifungua kitambaa nikayaweka madonge juu ya ungo, kweupe.

"Hii ni ile ile," nikasema. "Halili, tangawizi, ajwani, na ule mzizi. Haina maji hata tone. Nilikuibia hiari yako, na nilikuita jina baya. Ukitaka, yatupe kwa kuku."

Akanisogezea ungo. "Kula wewe kwanza."

Nikala moja. Ili kumwonyesha moyo wangu nikala la pili, na la tatu, na sijui ni mangapi, huku Shangazi akinihesabia kwa sauti kama mwenye kunadi mnada. Yalikuwa machungu, yenye sukari juu ya uchungu. Nilimeza nimesimama wima kama askari.

Nilisahau kazi ya halili.

Jua lilikuwa halijasogea sana tumbo liliponguruma mpaka likasikika uani. Nikaaga kwa heshima. Hatua za kwanza nilitembea, zilizobaki nilikimbia, nikipita katikati ya shamba la mihogo, na nyuma yangu Shangazi akaita, "Mpisheni mkalimani! Ana habari za haraka!"

Kisha nikasikia sauti nyingine. Mke wangu alikuwa anacheka. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu kabla ya vita, na nilichuchumaa kwenye mihogo nikilia kwa furaha, katika hali ambayo si ya kulilia.

Niliporudi, alikuwa ameshika donge moja. Alilinusa, akalivunja, akatazama ndani, akalila mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ale. Akala la pili baadaye, na uji kidogo.

"Na wewe hulali," aliniambia. "Nilikuwa nakuona."

Nikamwambia kweli: kwamba nikifumba macho nasikia maneno niliyowatafsiria watu pale bomani kabla hawajapelekwa kunyongwa, na kwamba nilikuwa nimeyatamka kwa ufasaha. Hakunifariji. Alisogea tu, akanipa nafasi kwenye mkeka.

Tulilala pale barazani, mchana mweupe, kama watoto waliochoka na mchezo. Sikuota chochote. Kilichoniamsha ni jua lililoshuka na sauti ya Shangazi, aliyesimama juu yetu na chungu mkononi.

"Amkeni mle," alisema. "Ni mtama. Hamna kitu kingine."